Jasho Bila Mapumziko

Septemba 2018, jarida la Lancet Global Health lilichapisha hesabu ya Shirika la Afya Duniani kuhusu watu wazima ambao miili yao haipati shughuli ya kutosha. Kwa dunia nzima walikuwa asilimia 27.5. Kuwait walikuwa asilimia 67. Uganda walikuwa asilimia 5.5 tu, ikawa nchi ya kwanza ulimwenguni kwa wepesi wa watu wake. Hakuna kombe lililotolewa, wala gwaride halikuandaliwa kuwapokea mabingwa. Aliyetaka kuwaona alihitaji kusimama tu mpakani, Busia au Malaba, upande wa Kenya, asubuhi na mapema. Wangempita wakiwa na mikungu ya ndizi kichwani, magunia ya mahindi nyuma ya baiskeli na marobota ya mitumba begani. Ukimuuliza mmoja wao kama anafanya mazoezi, angekuuliza kama unataka kununua kitu au la.

Sisi wa upande wa Kenya hatuko mbali nao. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 6.5 tu ya Wakenya wazima hawafikii kiwango kinachopendekezwa. Kwa hiyo korona ilipoingia na watafiti wa nchi tajiri wakaanza kuuliza watu wamepunguza au wameongeza mazoezi kiasi gani, swali hilo lilifika Budalang'i, hapa kwetu Bunyala katika kaunti ya Busia, likiwa limepotea njia. Lilikuwa linamtafuta mtu mwenye kiti, mwenye mshahara, na mwenye saa moja ya jioni asiyojua aifanyie nini.

Nataka kulijibu hivyo hivyo lilivyo, kwa kuwa jibu lake linatufunza kitu kuhusu neno lenyewe. Mazoezi ni nini? Dodoso la Shirika la Afya Duniani hugawa shughuli za mwili katika vikapu vitatu: kazi, safari na burudani. Kiwango kinachotakiwa ni dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, na zikifika 300 ni bora zaidi. Sasa mchukue mwanamke anayepandikiza mpunga katika skimu ya Bunyala, iliyoanza mwaka 1982 kwa maji ya mto Nzoia. Akiinama shambani saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu, ikifika saa mbili na nusu amekwisha kutimiza dakika za wiki nzima. Chai hajanywa. Siku sita na nusu zilizobaki ni ziada, na hajui amshukuru nani.

Kabla ya 2020, basi, vikapu viwili vya kwanza vilikuwa vikifurika huku Bunyala na kile cha tatu kina vumbi. Mto Nzoia hutiririka kilomita 257 kutoka vilima vya Cherangani hadi kuingia Ziwa Victoria hapa kwetu, na karibu kila kazi ya hapa ni ya kupambana na maji au kuyafuata. Wanaume hupiga kasia kwenda kuvua. Wanawake hubeba omena, dagaa wa ziwani, huwaanika na kuwageuza. Maji ya kunywa hufika nyumbani kwa mtungi wa lita 20, ambao hauna magurudumu. Mvua zikizidi, watu hujaza magunia mchanga na kuyapanga juu ya matuta ya mto, kazi ambayo chumba cha mazoezi cha Nairobi kingekutoza ada ya kila mwezi ili uifanye.

Burudani haikukosekana kabisa. Vijana walicheza kandanda. Na kulikuwa na zoezi moja kubwa la watu wazima ambalo dodoso halilijui: matanga. Magharibi mwa Kenya, usiku wa kukesha na maiti ni usiku wa ngoma, na baadaye ukawa usiku wa disko. Mtu wa miaka 60 anayelalamika magoti mchana angeweza kucheza mpaka jogoo awike, kwa heshima ya marehemu. Sijaona mwongozo wowote wa afya uliotenga kikapu kwa ajili ya mazishi.

Mpakani nako kulikuwa na baiskeli. Neno boda boda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa huku, kwa vijana waliowabeba watu na mizigo yao kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Kiti cha nyuma kilishonewa mto, abiria akakaa, na miguu ya mwendeshaji ikafanya kazi ya injini. Kisha bajeti ya 2008 ikaondoa ushuru wa VAT kwenye pikipiki zisizozidi cc 250, na kidogo kidogo injini ikaichukua kazi ya miguu. Ikiwa unatafuta siku ambayo mazoezi ya watu wazima wa Busia yalibadilika kweli, anza na hotuba hiyo ya bajeti. Virusi vilikuja miaka kumi na miwili baadaye.

Vilipokuja, vilikuja kwa tarehe. Mnamo Machi 13, 2020, Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza. Siku chache baadaye shule zikafungwa. Uganda ikafunga mipaka yake kwa abiria mwezi huo huo. Kuanzia Machi 27 Kenya ikawa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba wanane, na nauli ya wale sita waliokosa nafasi ikagawanywa kwa waliopata.

Ulimwengu wa wenye simu za kuhesabu hatua ulituachia takwimu za kipindi hicho. Uchambuzi wa watumiaji zaidi ya 450,000 wa programu moja, katika nchi 187, ulionyesha kwamba ndani ya siku 30 baada ya korona kutangazwa kuwa janga la dunia, hatua za kila siku zilipungua kwa asilimia 27.3. Huo ndio mchoro unaojulikana: mstari ulioshuka ghafla, kisha ukapanda polepole. Ni mchoro wa kweli, ila ni wa watu ambao hatua zao huhesabiwa.

Ng'ambo ya mpaka, mchoro huo ulipata picha yake rasmi. Aprili 2020 Rais Museveni alikataza watu kukimbia barabarani kwa mazoezi, na siku chache baadaye akatoa video akiwa ofisini mwake, miguu mitupu, suti ya michezo mwilini, akikimbia kutoka ukuta hadi ukuta na kumalizia kwa pushapu 30. Alikuwa na miaka 75, na kusema haki, alizipiga. Ujumbe ulikuwa kwamba mazoezi yanawezekana nyumbani. Kilichosahaulika ni kwamba nyumba ya raia wa kawaida wa Busia, ng'ambo au upande wetu, ukikimbia hatua nne umegonga ukuta, na ya tano umemkanyaga mtoto.

Huku kwetu mstari haukushuka wala haukupanda. Ulikatika vipande, na kila kipande kikaenda upande wake.

Kipande cha kwanza ni cha wachukuzi wa mpakani. Kwa miaka mingi, Busia imejulikana kwa watu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, mikono yao ikifanya kazi ya miguu. Ni wachapakazi ambao mwanariadha angewaonea wivu mabega. Mpaka ulipofungwa kwa watu na kubaki wazi kwa malori ya mizigo, mikono hiyo ilipumzika. Lakini tutumie neno hilo kwa tahadhari. Aliyeachishwa kazi bila akiba hajapumzika, amesimamishwa.

Wengine hawakusimama. Njia za panya, zile za katikati ya mahindi na vichaka, ndizo zilizopata wateja. Mwendo wa dakika tano kupitia lango la mpaka ukageuka mzunguko mrefu wa kujificha, mzigo ukiwa kichwani na masikio yakiwa wima. Kwa kipimo cha dodoso, afya ya wafanyabiashara hao ilikuwa inaimarika. Mapigo ya moyo hakika yalipanda.

Kipande cha pili ni cha madereva wa malori na mataniboi wao. Hawa ndio waliokaa. Kila dereva alitakiwa kupimwa, majibu yalichelewa, na foleni iliyoanzia Malaba ikarudi nyuma kuelekea Bungoma kwa makumi ya kilomita. Mtu alikula ndani ya kebini, akalala ndani ya kebini, na kusogea mita mia kwa siku alizosogea. Januari 2022, wakati wengi walikwisha kuusahau ugonjwa, foleni ilirudi baada ya Uganda kuwataka madereva wote wapimwe kwa malipo ya dola 30, nao wakagoma. Hilo ndilo kundi la hapa kwetu linalofanana na mfanyakazi wa ofisi wa Ulaya aliyefungiwa nyumbani: miguu iliyokosa kazi, mgongo uliokosa kunyooka. Hakuna aliyewatumia video ya pushapu.

Kipande cha tatu ni cha wavuvi. Omena huvuliwa usiku. Taa huwashwa juu ya maji, samaki huifuata, wavu huvutwa. Saa moja jioni ndiyo saa ya maandalizi, na ndiyo saa ambayo kafyu ilianza. Unaweza kuamuru watu wavue mchana, lakini omena hawasomi gazeti rasmi la serikali. Juni 2021 hali ilirudi vile vile: kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi, Busia ikiwemo, zikawekewa kafyu ya peke yake ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, wakati sehemu nyingine za nchi zilikuwa huru kwa saa tatu zaidi.

Matanga nayo yakapigwa marufuku kwa namna yake. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15, baadaye 100, na kukesha kukaisha. Maiti walizikwa asubuhi na watu wachache wenye barakoa. Wazee walisema wafu wameondoka bila kusindikizwa. Mimi naongeza kwamba walio hai nao walibaki bila kucheza, na kwa mzee wa Bunyala hilo lilikuwa pengo kubwa kuliko kufungwa kwa chumba chochote cha mazoezi.

Kisha, juu ya yote hayo, maji. Mei 2020 mto Nzoia ulivunja kingo zake huku Ziwa Victoria likipanda. Kipimo cha ziwa cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya Mei 1964. Sentimita moja si kitu kwenye rula, lakini ziwa ni pana, na vijiji vya Bunyala viko chini. Maelfu walihama. Watu wa Budalang'i walikwisha kuhama hivyo mwaka 2003, wakahama 2008, wakahama 2011. Mara hii walihama wakiambiwa pia wakae mbalimbali. Shule zilikuwa tupu kwa sababu ya korona, basi zikapokea waliohamishwa na mto, familia kadhaa katika darasa moja.

Kambi ya mafuriko ndiyo mahali pa kwanza ambapo nimeona mkulima wa Bunyala akikaa kutwa. Shamba liko chini ya maji, mtumbwi umekwenda na mkondo, jembe liko mahali ambapo hapaendeki. Mwanaume hukaa chini ya mwembe wa shule akihesabu siku. Mwanamke hakai hata hapo: foleni ya maji, foleni ya chakula, kuni za kutafuta mbali zaidi, watoto wa kufulia. Ukipima kwa dakika, kambi hiyo hiyo imempa mmoja uvivu wa lazima na mwingine kazi maradufu. Wastani wao ungeonekana mzuri sana kwenye jedwali.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali tulilotumiwa. Janga halikupunguza wala kuongeza mazoezi ya watu wa Budalang'i. Liliihamisha kazi ya mwili kutoka kwa waliokuwa wakilipwa kuifanya, ikaenda kwa wale ambao hawajawahi kulipwa. Mchukuzi alisimama, mvuvi alisimama, dereva alikaa. Mwanamke mwenye mtungi aliongezewa kilomita.

Kuna atakayesema kwamba basi mwanamke huyo alitoka mshindi, maana mwili wake umejengeka. Sayansi haikubaliani naye. Mwaka 2021 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 104,046 wa Copenhagen kwa takriban miaka kumi. Waliokuwa wakiushughulisha mwili sana wakati wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo zaidi ya maradhi ya moyo na kifo cha mapema. Waliokuwa wakiushughulisha sana kazini walikuwa na hatari kubwa zaidi. Wenyewe wanayaita matokeo hayo kitendawili, na mojawapo ya maelezo yao ni rahisi: anayekimbia kwa hiari hukimbia nusu saa, mapigo ya moyo yakapanda, kisha akapumzika na mwili ukajirekebisha. Anayebeba mizigo hubeba kwa muda wa saa nane, shinikizo la damu likiwa juu kutwa, na kesho hurudi kabla misuli haijapoa.

Copenhagen si Port Victoria, mji wetu wa kando ya ziwa, na mtu anaweza kubishana kuhusu kulinganisha bandari zao na zetu. Lakini hoja inaeleweka hata bila daktari. Mazoezi na kazi hutoa jasho lile lile. Tofauti ni kwamba kwenye mazoezi unaruhusiwa kuacha.

Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya, likafuta sharti la zamani kwamba shughuli ihesabiwe tu ikidumu dakika kumi au zaidi. Sasa kila mwendo unahesabika. Ilikuwa habari njema kwa mtu wa ofisini anayepanda ngazi. Kwa familia za Bunyala ambazo mwezi huo zilikuwa bado hazijarudi makwao, ilimaanisha tu kwamba mwendo wao, uliokwisha kuwa mwingi, sasa ulikuwa mwingi zaidi kwa mujibu wa kanuni.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Tangu hapo maisha yamerudi, ila si yote yamerudi mahali pake. Mpaka umejaa tena. Baiskeli za boda hazikuongezeka; pikipiki ndizo zilizoongezeka, pamoja na vijana wanaokaa juu yake kuanzia alfajiri hadi usiku, mgongo umepinda, chakula ni chapati ya kando ya barabara. Simu zimeleta kazi za kukaa: vibanda vya kutuma pesa, vya kuchaji, vya picha. Abiria naye, ambaye mwaka 1995 angetembea kilomita mbili kwenda sokoni, leo humpungia mkono kijana wa pikipiki. Simlaumu. Anayemlaumu ajaribu kwanza kutembea na debe la mahindi.

Matanga yamerudi pia. Hilo nalihesabu kuwa mafanikio ya afya ya umma, ingawa sitegemei wizara ikubaliane nami.

Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wakiwa na mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Ni hatua nzuri, pengine bora kuliko nyingi zilizotokana na miaka hiyo. Presha ya mama wa kijijini sasa inapimwa mlangoni kwake. Tatizo huanza baada ya kupima. Ushauri uliochapishwa ni mmoja kwa wote: punguza chumvi, punguza mafuta, fanya mazoezi. Mama anaitikia kwa adabu, anashukuru, na mgeni akiondoka anachukua mtungi na kwenda mtoni.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Kigali, tangu 2016, hufunga baadhi ya barabara kwa magari siku maalumu ili watu watembee. Tanzania, mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, ilitenga Jumamosi moja ya kila mwezi kwa mazoezi. Mipango hiyo inafaa miji, kwa sababu inamtoa kitini mtu aliyekaa. Ukiileta Rukala au Musoma ya Budalang'i kama ilivyo, utakuwa unamwambia mtu aliyesimama tangu Jumatatu kwamba Jumamosi nayo asimame.

Kwa hiyo tuwatenganishe wagonjwa wawili ambao leo wanapewa karatasi moja. Wa kwanza ni mwenye pikipiki, mwenye kibanda, dereva wa lori, mwalimu aliyenunua gari. Huyu aambiwe atembee, acheze mpira, aendeshe baiskeli, na apewe mahali pa kufanyia hayo: uwanja wa kata usioliwa na ploti, na ukingo wa barabara ya Busia hadi Malaba ambapo mwenye baiskeli hatasukumwa mtaroni na trela. Wa pili ni mwanamke wa mtungi na jembe. Dawa yake ni bomba la maji karibu na nyumba, mikono mingine ya kumsaidia kazi za boma, na matuta ya Nzoia yaliyojengwa imara kiasi kwamba hatalazimika kujaza magunia usiku. Kwake yeye, mhandisi wa maji ni daktari wa moyo.

Na kwa mhamasishaji wa afya anayeingia boma kwa boma na mkoba wake, nina ombi moja. Kabla ya kumuuliza mama anafanya mazoezi dakika ngapi kwa wiki, muulize mara ya mwisho alipumzika lini. Liandike jibu lake, na ulipeleke Port Victoria pamoja na namba za presha.